UZI: Jujitsu kwenye Michezo ya Asia, na jinsi Kambodia na Ufilipino walivyookota dhahabu mkekani

Mkanda Zambarau (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu niliuahidi kule kwenye jukwaa la ngumi, baada ya jamaa kuandika kwamba jujitsu ni "wanaume wawili kukumbatiana chini mpaka mmoja achoke". Nitashusha vipande vipande. Mwenye swali adandie katikati, msisubiri nimalize.

Nimechagua Michezo ya Asia kwa sababu ndiyo mashindano makubwa ya michezo mchanganyiko ambako jujitsu imeingia kwa mlango wa mbele. Olimpiki haijawahi kukanyaga. Michezo ya Afrika kule Accra, Machi 2024, ilikuwa na judo, karate, taekwondo na mieleka, jujitsu haikualikwa. World Games wanayo tangu 1997, ila World Games ndiyo yale mashindano ya michezo iliyokosa nafasi Olimpiki, na ukimtajia mtu wa kawaida anakuuliza ndiyo nini. Asia ni habari nyingine kabisa. Medali ya jujitsu inaingia kwenye jedwali lile lile la medali za mita 100 na kuogelea, na rais wa nchi anampigia simu mshindi.

Halafu tazama anayeshinda. Japani, mchezo ulikozaliwa, hajatamba. Wabrazili, waliouchukua kutoka kwa Mjapani Mitsuyo Maeda aliyefika kwao mwaka 1914 na kuufanya wao, hawahusiki maana siyo Waasia. Wanaobeba ni Falme za Kiarabu, na nyuma yao Kazakhstan, Korea Kusini, Ufilipino, mpaka Kambodia. Hapo ndipo utamu ulipo.

Kijiwe Nongwa

Tiririka mkuu, nimeweka kiti.

Mama Wawili

Mimi naomba kwanza unieleze wanashindaje. Niliwahi kutazama nikaona mtu kalala chali halafu anashangiliwa.

Mkanda Zambarau

Mama Wawili, swali lako ndilo linalowapoteza wengi, tulimalize hapa hapa.

Jujitsu ya shirikisho la kimataifa, JJIF, ina matawi kadhaa. Kuna tawi la mapigano kamili lenye ngumi, teke, kutupana na kumalizana chini. Kuna la watu wawili wa upande mmoja kuonyesha namna ya kujihami, hili linapewa maksi na majaji kama sarakasi. Na kuna ne-waza, mchezo wa chini, ambao mtaani tunauita jujitsu ya Kibrazili. Jakarta 2018 na Hangzhou zilichezwa ne-waza tupu.

Pambano ni dakika 6. Ngumi hakuna, teke hakuna. Mnaanza mmesimama, kila mmoja na kimono chake, yaani lile vazi la mchezo lenye kola. Ukimwangusha mwenzako na kumtuliza, pointi 2. Ukiwa wewe ndiye wa chini, ukampindua ukawa juu, 2. Goti juu ya tumbo lake, 2. Ukifanikiwa kuvuka miguu ya mtu aliyelala chali, 3. Ukimkalia kifuani, 4. Ukimpanda mgongoni na miguu yako ikaingia ndani ya mapaja yake, 4 pia. Na lazima ukishike kile ulichopata kwa sekunde 3, vinginevyo hakuna kitu. Ukikaribia bila kukamilisha unapewa alama ndogo ya faida, hiyo inaamua pale pointi zinapofungana.

Yote hayo yanafutika mtu akigonga. Ukikaba shingo au ukanyoosha kiwiko cha mwenzako na akapiga mkono mkekani, kwisha habari, hata kama alikuwa mbele kwa pointi 12.

Sasa yule aliyelala chali: miguu yake ndiyo ukuta wake. Akiwa hapo anaweza kukukaba kwa kola yako mwenyewe, kukupindua, au kukunasa mkono katikati ya mapaja. Waliokuwa wanamshangilia walishaona mtego, wewe hujauona bado.

Kijiwe Nongwa

Kumbe roba ya mbao ina medali! Vibaka wetu wa Manzese wanapotea bure.

Mkanda Zambarau

Kibaka anakuvizia kwa nyuma ukiwa na begi la kompyuta. Hapa unayemkaba anajua unakuja, kafanya mazoezi miaka 10, na ana dakika 6 za kukuzuia. Wapeleke hao wa Manzese tuone.

Tuendelee. Jakarta, Agosti 2018.

Ndiyo mara ya kwanza jujitsu kuwa kwenye Michezo ya Asia. Ilichezwa kwenye ukumbi wa mikutano wa Jakarta, medali 8 za dhahabu, na siku tatu tu biashara ikawa imekwisha. Wanaume walipewa uzito sita: kilo 56, 62, 69, 77, 85 na 94. Wanawake wakapewa mbili tu, 49 na 62. Naomba hizi namba mzishike, nitazirudia.

Kilo 56 ilikuwa ya Hamad Nawad wa Falme za Kiarabu, na kilo 94 ikaenda kwa Faisal Al Ketbi, naye wa huko huko. Kwenye fedha na shaba ndiyo walijaa kweli kweli. Zaidi ya nusu ya medali zote ambazo Falme za Kiarabu zilirudi nazo kutoka Jakarta, kwa michezo yote, zilitoka kwenye mkeka huu mmoja. Kazakhstan na Kyrgyzstan nazo zikachukua dhahabu zao, na hilo halikumshangaza mtu. Kule mtoto anacheza mieleka ya jadi kabla hajajua kusoma, kisha anapita judo, anapita sambo, ile mieleka ya Kirusi. Ukimvalisha kimono cha jujitsu unamwongezea kukaba tu, mengine kaja nayo.

Kilo 62 wanawake, Sung Ki-ra wa Korea Kusini akamfunga Constance Lien wa Singapore kwenye fainali.

Na kilo 49 ndiyo iliyonifanya niupende huu mchezo upya. Jessa Khan, binti mdogo kabisa, amekulia California, baba yake ana asili ya Kambodia. Anapigana kwa bendera ya Kambodia, anafika fainali, anamkuta mwakilishi wa Falme za Kiarabu, anashinda. Kabla ya Jakarta, Kambodia ilikuwa na dhahabu moja tu katika historia yote ya Michezo ya Asia, ile ya Sorn Seavmey kwenye taekwondo kule Incheon mwaka 2014. Hapo Jakarta wakapata mbili, moja ikiwa hii ya Jessa na nyingine ya mashindano ya pikipiki za majini. Nchi nzima inasimama kwa ajili ya mchezo ambao wengi wao ndiyo walikuwa wanausikia siku hiyo.

Mtu wa Takwimu

Mleta uzi, naona unawapamba. Binti amezaliwa na kufundishwa Marekani, Kambodia walichotoa ni pasipoti. Hiyo ni dhahabu ya California.

Mkanda Zambarau

Mtu wa Takwimu, sikatai kwamba mafunzo ni ya California. Ila jiulize, Marekani ingempa nini? Yeye siyo Asia, na jujitsu Olimpiki haipo. Kwa mchezo kama huu, michezo ya kanda ndiyo kilele cha mtu kuvaa rangi za taifa. Aliyekuwa na nchi ya baba ndani ya Asia alikuwa na mlango, wenzake wa gym ile ile hawakuwa nao. Na hakwenda akapotea, aliendelea kuichezea Kambodia hata Michezo ya Kusini Mashariki mwa Asia ilipofanyika Phnom Penh mwaka 2023.

Halafu tuwe wakweli, sisi tunashangilia wachezaji wangapi wa Taifa Stars waliolelewa Ulaya? Siku hiyo huwa hatuulizi akademi ni ya nani.

Baharia wa Sohar

Assalaam alaykum jamaa. Mimi niko Oman, lakini kazi inanipeleka Abu Dhabi mara kwa mara. Nawaambia ndugu zangu, Imarati, yaani Falme za Kiarabu, jujitsu siyo ya mabaunsa. Mtoto wa shule, wa kike na wa kiume, ana kimono ndani ya begi kama sisi tulivyokuwa na daftari la hesabu. Mashindano ya watoto ukienda utakuta mabibi wamekaa jukwaani na buibui zao wanapiga kelele "mgongo! mgongo!" kwa Kiarabu. Ajabu.

Mkanda Zambarau

Ahsante Baharia, umenifungulia njia, maana hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Pesa ya Abu Dhabi. Sheikh Tahnoun bin Zayed alikuwa akisoma Marekani miaka ya 1990, kule San Diego. Akaingia gym ya Wabrazili, akanogewa. Aliporudi kwao akaanzisha klabu ya mapambano ya Abu Dhabi, na mwaka 1998 ikazaliwa ADCC, mashindano ya kukabana bila kimono ambayo mpaka leo ndiyo yanayoheshimika kuliko yote ya aina hiyo. Wengi wanaishia hapo, wanaona ni mwana wa mfalme na mchezo wake wa kupenda.

Ila mwaka 2008 wakauingiza mashuleni. Wakaleta makocha wa Kibrazili kwa mamia, wakawapa mishahara ya kueleweka na nyumba, kazi yao ikiwa kufundisha watoto. Mtoto aliyeanza darasani mwaka 2008 akiwa na miaka 9, Jakarta 2018 anaingia na miaka 19. Piga hesabu mwenyewe. Makao ya shirikisho la kimataifa yenyewe yako Abu Dhabi. Rais wa chama cha Bara la Asia, Abdulmunam Al Hashmi, ndiye huyo huyo anayeongoza chama cha Falme za Kiarabu.

Mtu wa Takwimu

Sasa si umejijibu? Mwenye pesa kaleta mchezo wake kwenye mashindano, kajaza wachezaji, kabeba medali. Hiyo siyo michezo, ni kununua jedwali.

Mkanda Zambarau

Ukitaka kuona kununua jedwali, tazama pencak silat Jakarta ile ile. Mwenyeji Indonesia kaingiza mchezo wa jadi yake, dhahabu 16, kachukua 14. Aliyebaki kagawiwa makombo. Jujitsu ina tofauti: Falme za Kiarabu wameweka pesa, wameshawishi, sawa, lakini Jakarta wakapata dhahabu 2 kati ya 8 na kufungwa fainali kibao. Kama walinunua basi walipunjwa.

Ninachokiona mimi ni kwamba aliyejenga nyumba hakuweza kufunga mlango. Pesa yake ndiyo iliyofanya mchezo uwepo kwenye ratiba, na ukishakuwepo kwenye ratiba, binti wa Manila, Ufilipino, au kijana wa Bishkek, Kyrgyzstan, anaingia kwa nauli ya ndege na kimono kimoja. Mkeka hauna gharama za farasi wala boti.

Mama Wawili

Hapo kwa Manila endelea, dada yangu anafanya kazi na Wafilipino hotelini, walishangilia hii kitu wiki nzima.

Mkanda Zambarau

Hangzhou. Inaitwa Michezo ya 2022 lakini ilichezwa Septemba na Oktoba 2023 kwa sababu ya korona. Rudini sasa kwenye zile namba nilizowaambia mshike. Dhahabu zikabaki 8, ila mgawanyo ukabadilika: wanaume uzito nne (62, 69, 77, 85), wanawake nne (48, 52, 57, 63). Kutoka sita kwa mbili hadi nne kwa nne. Magazeti hayakulizungumza sana, ila kwangu mimi hili lilibadilisha matokeo kuliko kocha yeyote.

Fikiria mwanamke wa kilo 56 mwaka 2018. Kushuka hadi 49 ni kujiua, kwa hiyo anaingia kwenye 62 na kupewa mtu anayemzidi kilo 6 za misuli. Kwenye mchezo wa kulaliana kilo 6 ni nyingi mno. Mwaka 2023 anapata 57 yake. Na nani kachukua 57? Annie Ramirez wa Ufilipino, akimshinda Galina Duvanova wa Kazakhstan.

Kabla yake kulikuwa na Meggie Ochoa kwenye 48. Huyu alikuwa Jakarta pia, alirudi na shaba kwenye 49 ile aliyoshinda Jessa Khan. Miaka mitano baadaye, ana miaka 33, anakutana fainali na Balqees Abdulla wa Falme za Kiarabu na anachukua dhahabu. Nje ya mkeka ni mtu anayepigania watoto waliodhulumiwa kingono, anawafundisha jujitsu, na baada ya ushindi ule hakuacha kuwataja.

Ufilipino ilitoka Hangzhou na dhahabu 4. EJ Obiena kwenye kuruka kwa upondo, timu ya mpira wa kikapu ya wanaume iliyokuwa haijashinda tangu 1962, na hawa wanawake wawili. Yaani nusu ya dhahabu za nchi yenye watu zaidi ya milioni 100 zilitoka kwa watu wawili wenye jumla ya kilo zisizozidi 105.

Kijiwe Nongwa

Kilo 105 ni shemeji yangu peke yake.

Baharia wa Sohar

Hahaha. Na Imarati mwaka huo walipataje?

Mkanda Zambarau

Baharia, mwaka huo walivuna. Nne: Khaled Al Shehhi kwenye 62, Faisal Al Ketbi kwenye 85, Asma Al Hosani kwenye 52 na Shamma Al Kalbani kwenye 63. Dhahabu zao zote Hangzhou zilikuwa 5, na kati ya hizo jujitsu imeleta 4.

Mtazameni huyo Faisal. Jakarta alishinda kilo 94. Hangzhou hakuna 94, imefutwa. Alikuwa na njia mbili, akae nyumbani au akate mwili mpaka 85. Akakata, akashinda. Mtu aliyewahi kupunguza hata kilo tatu kabla ya harusi anaelewa hiyo ni adhabu gani, na huyu alitakiwa bado awe na nguvu ya kukabana.

Na dhahabu mbili za wanawake wao wangezipata wapi kwa mpangilio wa 2018? Wale mabinti wa shule za Abu Dhabi aliowasema Baharia walikuwa wengi kuliko nafasi zilizokuwepo.

Korea Kusini tusiwasahau, Koo Bon-cheol kachukua 77.

Mtu wa Takwimu

Nakubali la uzito, hilo sikulijua. Ila bado naona mchezo wenye nchi chache. Kwa nini haiingii Olimpiki kama ni mzuri hivyo?

Mkanda Zambarau

Kwa sababu nyumba ina wenyewe wengi. Wabrazili wana shirikisho lao lenye mashindano ya California ambayo kila mcheza jujitsu duniani anaota kuyashinda. Abu Dhabi wana mfululizo wao wa mashindano ya kulipwa. JJIF ndiyo wanaoingia kwenye michezo ya mataifa. Bingwa wa mmoja wengine hawamtambui, na nyota wengi wakubwa hawajawahi kuvaa jezi ya taifa. Olimpiki wanataka mlango mmoja wa kubisha hodi. Pia, tuseme ukweli, kwenye runinga ni mgumu kufuatilia, ndiyo maana Mama Wawili aliuliza alichouliza.

Mkufunzi Msaidizi

Mimi ni mtu wa judo, nafundisha vijana Unguja. Nimesoma kimya kimya. Swali langu ni la kazi: kijana wangu ana kutupa kuzuri, mkanda wa kahawia. Kwenye jujitsu ya hivi atakuwa mbele au nyuma?

Mkanda Zambarau

Kocha, shikamoo. Atakuwa mbele kwa sekunde 20 za kwanza, kisha atalia.

Judo ukimtupa mtu akapiga mgongo safi, mwamuzi anasema ippon, yaani ushindi kamili, mnainamiana, mnaondoka. Huku ule mtupo mzuri unampa pointi 2, na pambano ndiyo linaanza. Kibaya zaidi, wengi hawatampa nafasi ya kutupa. Watashika kola, watakaa chini wenyewe, na kumvuta aingie kati ya miguu yao. Sheria inaruhusu. Kijana wa judo anasimama pale kashangaa, maana kafundishwa kwamba aliyeko chini keshapoteza.

Tabia ya pili ya kumwondoa ni kulala kifudifudi. Judo chini unajikunja kama kobe, unasubiri sekunde chache mwamuzi awasimamishe. Huku hakuna anayekuja kuwasimamisha. Ukigeuza mgongo umempa mwenzako pointi 4 na shingo pia.

Cha kubaki nacho ni mshiko wa kola, mizani, na kule kumbana mtu kwa kifua mpaka akose pumzi. Hivyo watu wa judo wanavyo kuliko sisi. Ndivyo walivyoingia Wakazakhi.

Mkufunzi Msaidizi

Marahaba. Kwa hiyo nikimpa miezi ya chini tupu, bila kutupa kabisa?

Mkanda Zambarau

Usiondoe kutupa kocha, ndiyo silaha yake. Ila kila anapotupa, msimsimamishe. Mwacheni aendelee palepale alipoangukia mpaka mmoja agonge au dakika 6 ziishe. Na mara mbili kwa wiki aanzie chini, yeye chali, mwenzake juu. Atachukia sana mwanzoni.

Mama Wawili

Na hiyo Michezo ya Asia inayofuata ni lini, nimtumie dada yangu ratiba aringe nayo hotelini?

Mkanda Zambarau

Aichi na Nagoya, Japani, kuanzia tarehe 19 Septemba 2026 hadi 4 Oktoba. Jujitsu imo, kurash (mieleka ya jadi ya Asia ya Kati) imo, na ngumi mchanganyiko, yaani MMA, zinaingia kwa mara ya kwanza. Mwambie dada atafute uzito wa 48 na 57 wanawake kwanza. Wajapani watakuwa nyumbani, na wale Wafilipino wa hotelini hawatalala.